Nilivyohama Windows nikaufuta mfongo wetu

Kitufe chenyewe hakikuwa na mbwembwe. Kiduara kidogo cha kuchagua, na sentensi moja inayosema diski yote itafutwa na Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, iwekwe. Ilikuwa Ijumaa ya Novemba 2025, saa nne na nusu usiku, nyumbani kwetu Majengo, Moshi. Nikachagua. Ikaniuliza tena kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo bila kusoma, kama tunavyobonyeza ndiyo kila siku. Kisha nikaenda jikoni kupasha mtori.

Niliporudi na bakuli mkononi, kompyuta ilikuwa inang'aa kama mpya. Na kweli ilikuwa mpya. Miezi kumi na minne ya mchezo wetu wa hadithi ya mfongo, yaani mfereji wa maji wa Uchagga, ramani, majina, madeni, siri za kila mhusika, vyote vilikuwa vimeondoka wakati natafuta kijiko.

Naandika haya kwa sababu tangu mwaka jana watu wengi wananijia steshenari na swali lile lile, kwamba Windows 10 imeachwa sasa wahamie wapi, na wengine wanaulizia zile dadu zangu zilizo kwenye kopo la kahawa. Majibu ya maswali haya mawili kwangu yamefungamana, siwezi kulitoa moja bila jingine.

Tuanze na dadu. Shemeji yangu anapandisha wageni mlimani. Mwaka 2022, njia ya Machame, mvua iliwafungia kambini na mgeni mmoja akatoa kimfuko cha dadu akawachezesha wenzake hadithi hadi usiku. Siku ya kuagana, juu ya bahasha ya tipu, akamwachia shemeji zile dadu saba: ya pande nne, sita, nane, mbili za pande kumi, ya kumi na mbili na ya ishirini. Shemeji alizileta dukani kwangu akaziweka juu ya mashine ya kopi. "Dada, hizi ni za ludo gani?"

Mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na ndio uliozaa ukoo mzima wa michezo ya aina hii. Mtu mmoja ni msimulizi, anaeleza mahali na watu waliopo. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini. Panapokuwa na shaka kama atafaulu, anarusha dadu ya pande ishirini, anajumlisha na uwezo wake, akifika namba aliyoiweka msimulizi amepata. Hakuna mshindi. Sisi tuliokua tukiitikia "hadithi njoo" hatukuhitaji kufundishwa sana, tofauti ni kwamba hapa msikilizaji anaweza kumshika sungura mkono akamwambia usiingie shimoni humo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la pesa. Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano zilitolewa bure chini ya leseni ya Creative Commons, PDF moja ya kurasa 403. Mimi nina printa, nina karatasi, nikaona nini cha kunizuia? Nikaiprinti yote. Kwa bei ninayowatoza wateja, shilingi mia kwa ukurasa, hiyo ni 40,300. Wino uliisha ukurasa wa mia tatu na kitu, nikanunua mwingine. Hadi leo tumetumia labda kurasa thelathini: jinsi ya kutengeneza mhusika, jinsi ya kupigana, na orodha ya silaha. Zilizobaki Mama anawashia jiko. Wewe isome kwenye simu, uprinti karatasi ya mhusika tu, moja kwa kila mtu.

Dadu pia zisikuzuie. Seti yetu ilikuwa moja na sisi watano, kwa hiyo tukaokota vizibo ishirini vya soda, tukaviandika moja hadi ishirini kwa maka peni, tukavitia kwenye kopo. Unachota kimoja, unasoma, unarudisha. Kurudisha ndiyo siri, ukisahau hesabu inaharibika. Tulikuwa tumejaribu kwanza kujumlisha dadu za kawaida, ikashindikana, maana ukirusha mbili saba inatoka kila mara na kumi na mbili kwa nadra, wakati kwenye ile ya pande ishirini kila namba ina haki sawa na mwenzake.

Jambo ambalo hakuna kitabu kilichonitahadharisha ni lugha. Kuna mhusika anayesoma vitabu na kurusha moto kwa maneno, na sisi bila kufikiri tukamwita mchawi. Jumapili moja Mama alikuwa sebuleni na wenzake wa jumuiya, sisi tuko barazani. Kijana wetu wa bodaboda, ana sauti ya kuitia abiria kuanzia Mbuyuni hadi stendi, akasimama: "Mimi mchawi! Nawachoma wote wawili na paa lao!"

Baraza likanyamaza. Sebule ikanyamaza zaidi.

Mama akatoka, kanga begani. "Mwanangu, mchawi kati yenu ni nani?"

Aliyetuokoa ni mwalimu mstaafu, jirani yetu, ambaye huheshimiana na Mama tangu zamani. Akainuka na karatasi yake ya mhusika. "Mama, ni hadithi tu hii. Tunachezesha akili."

"Hadithi ndiyo inavyoanzaga, Mwalimu."

Tangu siku hiyo yule wa moto ni mjuzi, na yule anayeponya ni tabibu. Sicheki ninapolisema hili. Mahali ambapo neno mchawi limewahi kumfukuza bibi wa watu kijijini, hulichezei barazani kwa sauti. Tena mchezo ulinoga zaidi tulipoacha majumba ya mawe ya Ulaya tukaja nyumbani. Septemba 2024 tulianza hadithi ya kijiji cha mteremkoni ambacho mfongo wake umekauka. Anayeijua Uchagga anaelewa uzito wake: mfereji huo unatoka juu msituni, maji yanakwenda kwa zamu, na mwenye zamu akikuta umekauka kuna mtu huko juu anajua kwa nini. Wahusika wetu wanne walitumwa kuufuata mfongo hadi chanzo chake. Kila Jumamosi ya pili walipanda kidogo. Walipita mahandaki ya wazee, wakakopa mbuzi kwa mzee mlinda mfongo, hawakumlipa. Mimi naandika kila kitu kwenye kompyuta.

Sasa kompyuta. Ni mpakato wa mtumba, prosesa ya Intel i5 ya kizazi cha nne, RAM ya GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka ya GB 500. Windows 10 yake ilikuwa inatambaa lakini inafika. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 ikafika, siku ambayo Microsoft waliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya bure ya usalama. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu haimo. Fundi akaniambia, "Dada, naipiga hivyo hivyo kwa kuilazimisha, elfu ishirini tu." Alikuwa ameshampigia jirani yangu mwenye mashine kama yangu, nami nilikuwa nimeiona: unabonyeza kitu, unaenda kumhudumia mteja, unarudi, ndiyo kwanza inafunguka.

Nilichokuwa sijui, na ningekijua nisingekimbia, ni kwamba kulikuwa na mpango wa kuongezewa mwaka mmoja wa masasisho, hadi 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo hakukuwa na moto wowote. Kompyuta haikuzimika tarehe 15. Haraka yote ilikuwa ya kichwani mwangu, na haraka hiyo ndiyo iliyokula mfongo.

Nilichagua Linux Mint, toleo lenye sura ya Xfce ambayo ni nyepesi. Faili lake lina karibu GB 3, nikalishusha kwa bando la usiku. Mara ya kwanza hotspoti ya simu ilikatika katikati, faili likaja bovu, na flashi ikagoma kuwaka. Linganisha ile namba ndefu ya uhakiki iliyoandikwa kwenye ukurasa wao na ya faili lako kabla ya kulirusha kwenye flashi. Ni dakika mbili, mimi nilipoteza usiku mzima na GB 3 nyingine.

Uzuri wa Mint ni kwamba ukiwasha kompyuta kwa flashi hiyo inafunguka yote bila kugusa diski yako. Unaweza kukaa humo wiki nzima ukijaribu sauti, printa, kamera. Mimi nilikaa dakika kumi. Niliona waifai haipo, nikajiambia itajileta yenyewe baadaye.

Nakala rudufu nilifanya, msinione mjinga kabisa. Nilifungua folda ya nyaraka, nikakopi yote kwenye flashi: risiti, barua za wateja, picha za harusi ya mdogo wangu. Lakini mfongo haukuwa kwenye folda ya nyaraka. Ulikuwa pale juu kabisa, kwenye uso wa kompyuta, juu ya picha ya ukutani, mahali ambapo kila mtu ninayemfahamu anarundika mafaili yake ili ayaone haraka. Kitu unachokiona kila siku hukihesabu kama kitu cha kuokoa. Sufuria unayopikia hukumbuki kuifunga unapohama nyumba.

Usiku ule nililia, kidogo, kwa hasira zaidi. Halafu nikafanya kosa lililo baya kuliko la kwanza: nikaendelea kuitumia kompyuta. Jumamosi nzima nikapakua masasisho, nikaweka programu, nikajaribu rangi za madirisha. Faili likifutwa kwenye diski ya kuzunguka halitoweki papo hapo, mahali pake panatangazwa kuwa pa wazi tu, na kila unachopakua kinaweza kwenda kukaa palepale. Jumapili jioni ndipo mdogo wangu, ambaye ni nesi na hajui kompyuta kunizidi, aliponiuliza kwa simu, "Kwani huwezi kuzima kwanza?" Angesema Ijumaa.

Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Inachimba diski na kutoa vipande vya mafaili yaliyofutwa, ila haikurudishii majina. Niliiendesha kutoka kwenye flashi, matokeo nikayaelekeza kwenye diski ya nje ya kuazima, kamwe usiyaelekeze kwenye diski ile ile unayoichimba. Ilichukua usiku. Asubuhi nilikuwa na mamia ya mafaili yanayoitwa f na tarakimu ndefu. Nikayafungua moja moja, kikombe cha chai kikipoa pembeni. Matangazo ya nyumba za kupanga. Barua ya kuomba likizo ya mtu. Katiba ya kikundi cha vikoba, mara nne. Kisha, faili la mia na kitu, aya mbili na nusu za mfongo: maelezo ya daraja la magogo, na sentensi inayoishia "mzee akawaambia kwamba aliyefunga maji ni". Hapo ndipo lilipokatika. Ni kwamba mimi mwenyewe nilijua ni nani, lakini ile sentensi ilinichekesha peke yangu hadi Mama akaja kuchungulia.

Kama ungeniuliza leo, ningekwambia usifute chochote kabisa. Nenda kanunue SSD mpya, diski ya kasi isiyozunguka, mimi yangu ya GB 240 nilinunua baadaye kwa 65,000, fundi akaifunga kwa 10,000. Diski ya zamani itoe, iandike tarehe kwa maka peni, iweke kabatini na Windows yake ndani. Linux iweke kwenye ile mpya. Usipoipenda, unarudisha ya zamani na maisha yanaendelea. Na kompyuta iliyokuwa inatambaa itakimbia, maana nusu ya uzito tunaoulaumu kwa Windows ni wa diski kuukuu. Ningetumia elfu sabini na tano mwanzoni badala ya mwishoni, basi.

Waifai haikujileta yenyewe. Kipande chake kilitaka draiva, programu ndogo ya kukiendesha, isiyokuja na mfumo, na ili kuipakua nilihitaji intaneti, ambayo nilihitaji waifai ili niipate. Dawa ni waya wa kuchajia: chomeka simu, washa kushiriki intaneti kwa USB, kompyuta inaiona kama waya wa kawaida. Kisha fungua Kidhibiti cha Draiva, kikaipata ndani ya dakika tano.

Baadaye niliweka Linux pembeni ya Windows kwenye kompyuta ya mdogo wangu, zote mbili, achague anapowasha. Kesho yake ananipigia: "Dada, saa imeharibika." Kwenye Windows saa tatu asubuhi ilikuwa inasoma 6:00. Haikuharibika. Linux huweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za Greenwich, Windows hudhani saa hiyo ni ya hapa, na sisi tuko masaa matatu mbele. Kuna amri moja ya kuiambia Linux ifuate saa ya hapa, timedatectl set-local-rtc 1, yakaisha. Na kabla ya kazi hiyo zima ile hali ya Windows ya kuwaka haraka, la sivyo Linux itaifungua diski ya Windows kwa kusoma tu, isiandike.

Kazini sitawadanganya. Kompyuta ya dukani nimeiacha na Windows, na itabaki hivyo. Mwanafunzi alinijia jioni na ripoti yake ya utafiti kwenye flashi, kurasa 74. Nikaifungua kwenye mpakato wangu kwa LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia badala ya Word, ikawa 79, majedwali yamevunjika, orodha ya yaliyomo imehama. Kijana alishika kichwa kwa mikono miwili, kesho yake ndiyo siku ya kukabidhi. Tukaifungua ya dukani, ikatulia. Nikajifunza kuweka fonti ya Carlito, ambayo ina upana sawa na Calibri, na hali imekuwa nafuu, lakini nyaraka za watu zenye majedwali mazito sizigusi huku. Ukiwa unatuma kitu cha kuprinti, tuma PDF. Printa yangu moja ilitambulika mara moja, nyingine nilihangaika nayo siku tatu nikaiachia kompyuta ya dukani.

Ushindi upo pia. Flashi za wateja zile zenye virusi vinavyoficha mafolda na kuacha njia za mkato za uongo, nazichomeka kwenye Linux, mafolda yanaonekana wazi yalipo, na kirusi hakina cha kunifanya kwa sababu kiliandikwa kwa ajili ya Windows. Nimeokoa kazi za watu wengi hivyo. Sitozi.

Ilibaki kuwaambia wachezaji. Jumamosi iliyofuata, saa tisa alasiri, kabla ya chai, nikasema ukweli: sina tena chochote, ila aya mbili na nusu. Kimya kidogo. Kisha bodaboda akauliza, taratibu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Sasa dada, ina maana yule mbuzi wa mzee hatudaiwi tena?"

Ugomvi ukaanzia hapo. Shemeji akasema mbuzi alishalipwa, kwa asali. Mdogo wangu akasema asali ilikuwa ya kupita kwenye handaki. Bodaboda akaapa mzee mwenyewe alishakufa pale darajani, kwa hiyo deni limekufa naye. Mimi, msimulizi, nilijikuta nasikiliza hadithi yangu kama mgeni, na kulikuwa na mambo humo ambayo sikuwahi kuyasema lakini yalikuwa mazuri kuliko yangu. Tukakubaliana: jambo wanalolikumbuka watatu sawasawa ndilo lililotokea. Wanalotofautiana, inarushwa dadu. Msichana wa kisimani, ambaye nilimweka kwa dakika moja tu mwezi wa Februari, walimkumbuka wote wanne hadi rangi ya ndoo. Vita kubwa niliyoiandaa wiki mbili hakuna aliyekumbuka hata ilipiganwa na nani, nikaiacha iende.

Kwa mbuzi ikarushwa dadu. Bodaboda alihitaji kumi na mbili. Ilizunguka mezani, ikagonga sahani ya kashata, ikalala kwenye tatu.

Muda wote huo mwalimu mstaafu hakusema neno. Alikuwa anaandika, kalamu nyekundu, kwenye daftari kubwa la kaunta, mwandiko wa ubaoni. Ukurasa wa kwanza: majina. Wa pili: madeni. Umeme ulipokatika saa moja usiku aliwasha tochi ya simu akaendelea.

Daftari hilo sasa linakaa kwake. Juzi nilimwomba anipe siku mbili tu, nilichape, niweke nakala kwenye SSD, kwenye flashi na kwenye simu. Alinitazama juu ya miwani.

"Njoo na daftari lako, binti," akasema, "unakili hapa hapa mezani. Halitoki."

Nimefika ukurasa wa kumi na tisa.